Kufungua na kukaza nati za tairi bila kuzichubua

Nati za kromu, au zile nyeusi zinazokuja na ringi za spoti, zikichubuka watu husema ni feki. Mara nyingi tatizo ni boksi, kile kichwa cha spana kinachovalishwa kwenye nati, linapocheza juu yake. Pembe zake zinaigonga kabla hazijaishika, na kila kugonga kunaondoka na rangi. Rangi ikitoka kutu inaingia, na kwa sisi wa pwani, Tanga, Dar hadi Mombasa, chumvi ya hewani inaharakisha mambo. Baadaye pembe za nati zinaliwa, halafu siku ya pancha spana inateleza uko porini.

Hatua ya 1: Boksi

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Toyota ndogo nyingi (IST, Vitz, Corolla) hutumia namba 21 (yaani milimita 21), Nissan 21, Honda 19. Lakini gari likishabadilishwa ringi, hata nati huwa zimebadilishwa, kwa hiyo pima kwanza. Chukua boksi la pembe 6. La pembe 12 hushika karibu na ncha za nati, nazo ndizo za kwanza kuliwa. Lile la pembe 6 hukaa vizuri kwenye bapa za nati.

Livishe boksi kwa mkono ulitikise kushoto na kulia. Likicheza sana, tafuta jingine. Na kama nati zimezama ndani ya matundu ya ringi, tafuta boksi jembamba lenye koti la plastiki nje, ili na ringi isikwaruzwe.

Ukikuta namba 21 haiingii kwenye nati ambayo zamani iliingia, weka nyundo chini. Zipo nati za vipande viwili, chuma ndani na kofia nyembamba inayong'aa juu yake. Kutu ikiota katikati, kofia inavimba. Hizo badilisha zote, uweke za kipande kimoja zenye thredi ileile na kitako kilekile, yaani sehemu ya nati inayokaa kwenye ringi. Nati nyingi za dukani zina kitako cha koni, Honda hutumia cha mviringo, na ringi nyingi za Toyota za kiwandani hutaka kitako bapa chenye washa. Kitako kisipolingana na ringi, tairi italegea hata ukikaza vipi.

Hatua ya 2: Safisha

Osha nati kwa maji na sabuni, kisha futa na ndani ya boksi. Mchanga uliobaki humo ni msasa. Kwa nati mpya au za rangi mimi huongeza tabaka moja la utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi, juu ya nati. Utepe ukizuia boksi lisifike mwisho, utoe. Boksi lililoingia nusu ni hatari zaidi.

Hatua ya 3: Legeza gari likiwa chini

Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye tairi, kisha legeza kila nati nusu mzunguko kabla ya kupiga jeki. Mkono mmoja ushikilie kichwa cha boksi lisipinde, mwingine uvute mpini polepole kwa uzito wa mwili. Usikurupushe.

Hatua ya 4: Rudisha kwa vidole

Ingiza kila nati kwa vidole mpaka iguse ringi. Ikigoma, itoe uanze upya. Usipake oili wala grisi kwenye thredi: utelezi unafanya nguvu ileile ivute stadi, bolti inayoshika nati, kupita kiasi.

Hatua ya 5: Kaza

Shusha gari mpaka tairi iguse ardhi, kaza kwa mtindo wa nyota, yaani kutoka nati moja uruke hadi ya upande wa pili, raundi mbili. Toyota ndogo nyingi hutaka Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), Honda nyingi Nm 108. Kitabu cha gari ndicho cha mwisho. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndiyo bora. Kama huna, piga hesabu: kwa mpini wa nusu mita, Nm 103 ni kama kusukuma kwa kilo 21. Kwa wili spana ya sentimita 30, ni kilo 35 hivi. Sasa mtu wa kilo 70 akipanda juu yake kwa miguu miwili, anatia karibu Nm 206, mara mbili ya inavyotakiwa. Ndivyo stadi zinavyokatika.

Mashine ya upepo ndiyo inayomaliza nati nyingi, maana hupiga mfululizo na boksi lake mara nyingi limeshachakaa. Mwambie fundi wa tairi mapema kwa heshima: "Fundi, naomba hizi tufunge kwa mkono, boksi ninalo." Wengi hawana neno. Nati ya loki, ile ya kuzuia wizi inayofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu, ndiyo kabisa, ufunguo huo usiuweke kwenye mashine.

Ukishatembea kilomita 80 hadi 100, simama, acha ringi zipoe, zipitie nati zote tena kwa boksi lilelile.