Skii kwenye theluji ya majira ya kuchipua, mvua inanyesha na mbele huoni

Juzi nilimpeleka mdogo wangu mlimani kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, siku ya manyunyu na ukungu. Hata kona ya tatu hajaimaliza, akasimama katikati ya mteremko na kupiga kelele: "Kaka, hizi skii zina breki!" Mimi nilikuwa chini yake kidogo, natiririka bila shida. Tofauti haikuwa ufundi. Ilikuwa nta na brashi, na ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Andaa skii usiku wa kuamkia

Theluji iliyolowa ina nyuzijoto 0 na imejaa maji. Maji hayo yakijipanga kati ya theluji na upande wa chini wa skii, hushika kama bilauri iliyolowa inavyong'ang'ania meza. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: nta inayofukuza maji, na mifereji midogo kwenye skii ya kuvunja huo utando wa maji.

Wengi hukumbuka nta tu. Nami nilikuwa hivyo. Msimu mmoja nilipaka nta nene, sikuikwangua, nikajiona fundi. Skii zikagoma. Nikashuka, nikaongeza nyingine. Zikagoma zaidi! Asubuhi nzima ikaishia hapo. Nta inayofanya kazi ni ile iliyozama ndani ya skii. Inayobaki juu ni uchafu mtupu, tena huokota uchafu mwingine, maana theluji ya msimu huu imejaa vumbi, chavua na majani ya misonobari.

Ninavyofanya sasa: kwanza nasafisha kwa nta laini. Naiyeyusha juu ya skii, naikwangua ingali vuguvugu, na inatoka na rangi ya kijivu. Narudia hadi itoke safi. Dawa za kuyeyushia nta sizipendi, hukausha skii. Kisha napaka nta ya theluji isiyo baridi sana, ile ambayo watengenezaji wengi huipa rangi ya njano. Pasi iwe karibu nyuzi 120 au kama pakiti inavyosema, na isisimame mahali pamoja hata sekunde moja. Ukiona moshi, punguza moto. Shika upande wa juu wa skii: vuguvugu inatosha, ukihisi moto umezidisha. Na tafadhali, si pasi ya nguo. Ina matundu, na joto lake hupanda na kushuka ovyo.

Acha ipoe kabisa, nusu saa au zaidi. Hapa ndipo watu hukosa subira. Kwangua kwa kikwanguo cha plastiki, kutoka ncha ya mbele kwenda mkiani, mpaka uone kama umeitoa yote. Usiogope, hujaitoa yote. Halafu piga brashi ya nyaya za shaba, mwelekeo uleule, mara kumi hadi kumi na tano. Inamisha skii chini ya taa. Ukiona mistari myembamba kama nywele, yaani ile mifereji, umemaliza. Usipoiona, skii imekuwa laini kama kioo na hakuna nta itakayokuokoa. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusagia skii kwa jiwe, mwambie unataka mistari mipana ya theluji ya maji.

Nta ya kopo ya kubeba mfukoni husaidia kwa mishuko michache, lakini ipake kwenye skii iliyofutwa ikakauka. Kuhusu nta za fluori, ni kweli zilisifika kwa kufukuza maji. FIS, shirikisho la kimataifa la skii, ilizipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24, na mtu anayeteleza kwa raha zake hana haja nazo.

Hatua ya 2: Nguo

Koti lisilopitisha maji kwelikweli, glavu jozi mbili, ya pili ndani ya mfuko wa plastiki. Pamba usivae.

Hatua ya 3: Miwani

Chukua kioo cha daraja la S1, cha njano au waridi, kinachopitisha mwanga asilimia 43 hadi 80. Kioo cheusi kiache nyumbani. Ukungu ukiingia ndani ya miwani usifute kwa kidole wala glavu, utakwangua dawa inayozuia ukungu. Kung'uta maji, kisha iache ipate hewa. Na usiipandishe kwenye paji la uso. Jasho la kichwa litaimaliza.

Hatua ya 4: Saa ya kuanza

Kawaida msimu huu tunasubiri jua lilainishe ganda la usiku. Siku ya mvua sahau hilo. Usiku wa mawingu theluji haigandi vizuri, kwa hiyo alfajiri tayari ni laini na kila saa inayopita inazidi kuwa uji. Nenda mapema.

Hatua ya 5: Kushuka bila kuona

Mwanga ukiwa bapa, vivuli hupotea na macho huanza kudanganya. Niliwahi kusimama nikiamini bado nateleza, nikachomeka fimbo nijihakikishie, na bado nikaanguka ubavu. Teleza ukifuata kitu cheusi pembeni: miti au nguzo za njia. Kwa mfano, Ufaransa namba za nguzo hupungua unavyoshuka, kwa hiyo unajua umebakiza kiasi gani. Usipoona nguzo inayofuata, simama pembeni usubiri, usikisie.

Mwili uwe laini, vifundo na magoti vimekunjwa, uzito ugawanye kwenye miguu yote miwili. Kona ziwe za mviringo. Ukilalia ukingo kwa nguvu skii itazama. Tanguliza mguu mmoja kidogo unapopita kutoka theluji ngumu kwenda ya maji, kwa sababu skii hupunguza mwendo ghafla na kifua huendelea.

Hatua ya 6: Usikopaswa kwenda

Mvua huongeza uzito kwenye theluji na kuilegeza ndani kwa ndani, ikaweza kuporomoka. Nje ya njia zilizofunguliwa siendi siku hiyo, wala sisimami chini ya mteremko mkali. Ukivua skii ukakanyaga theluji na buti likazama kupita kifundo cha mguu, geuza urudi.

Hatua ya 7: Ukirudi

Futa skii, hasa kingo za chuma, la sivyo asubuhi utakuta kutu. Toa soksi ya ndani ya buti uianike mbali na hita. Mdogo wangu aliiacha ndani, kesho yake akavaa buti kama anaingiza mguu kwenye ndoo ya maji baridi.