Chura wa kufuga hali mdudu asiyesogea

Kila Novemba, msimu wa senene, napata swali lilelile kutoka kwa wafugaji wapya: "Nimemnunulia senene kikombe kizima, mbona hawagusi?" Hawagusi kwa sababu wa sokoni wameshanyofolewa mbawa na miguu. Chura humtambua mdudu kwa mwendo wake. Asiyesogea, kwake ni sawa na kokoto, na anaweza kushinda na njaa huku chakula kimemjaa mbele.

Basi mpe walio hai: panzi, nyenje, mende, viwavi, nyungunyungu, na kumbikumbi mvua zikianza. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya chura. Panzi na senene wakubwa wavunje miguu ya nyuma yenye miiba, ya mbele iache ili watambae. Chura mkubwa mlishe kila baada ya siku mbili au tatu, mdogo kila siku. Mende wa nyumba iliyopigwa dawa usimpe kamwe, wala kiwavi wa bustani iliyopuliziwa.

Mwangalie anapokula. Huinamisha kichwa, kidole cha mguu wa nyuma kinatetemeka, ulimi unachomoka na kurudi kabla hujapepesa. Kisha macho yanazama ndani ya kichwa: yanasaidia kusukuma tonge kooni. Ukimwona anavua ngozi na kuimeza, usishtuke, ndivyo alivyo.

Maji hayanywi kwa mdomo. Hukaa ndani yake, ngozi ya tumboni ikayafyonza. Kwa hiyo chochote kilichomo majini kinaingia mwilini mwake. Mimi mmoja nilimpoteza hivyo: nilisugua beseni kwa sabuni ya unga, nikasuuza mara moja tu kwa haraka. Asubuhi nikamkuta amenyooka. Bado inaniuma. Siku hizi nasugua kwa brashi na maji matupu. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Tumia sahani pana, maji yasimpite kifua, na ubadilishe kila siku kwa kuwa hujisaidia humohumo.

Makazi ni rahisi: beseni pana lenye wavu juu, kivulini, udongo wa sentimita 10 usio na mbolea ya dukani, majani makavu ya mgomba, na kigae cha chungu cha kujifichia mchana.

Mkojo wake hauoteshi chunjua, waambieni watoto wasimpige mawe kwa hilo. Sumu yake iko kwenye vifuko viwili nyuma ya macho, nayo hutoka nyeupe kama maziwa. Usijiguse macho baada ya kumshika, nawa kwanza. Mbwa akimng'ata hutokwa na povu: msuuze mdomo kwa maji mengi yatokee nje, asiyameze, kisha mwite daktari wa mifugo upesi.