Kuanza Judo Jijini Nairobi: Jifunze Kwanza Kuanguka
Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, baada ya kuchambua mbinu za jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, na kuziondoa zile za hatari katika mapambano ya mazoezi. Jina lenyewe lina maana ya njia ya upole. Mchezo uliingia katika Olimpiki mwaka 1964, na wanawake wakaanza kuwania medali mwaka 1992.

Ukitaka kuanza hapa Nairobi, tafuta ukumbi ulio karibu nawe na utazame kipindi kizima kabla ya kulipa ada, ukichunguza hasa kama mikeka imeshikana, kwa kuwa kidole cha mguu hunasa penye ufa. Kata kucha, vua saa na pete.

Majuma ya kwanza ni ya kuanguka, nami naamini hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Chutama, kunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse mkeka, jiviringishe nyuma kwa mgongo uliopinda, kisha piga mkeka kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini. Usijiegemeze kamwe kwa kiganja kimoja, maana kifundo cha mkono huvunjika hivyo. Atakayeteleza kwenye matope ya Kawangware msimu wa masika atakumbuka somo hili.

Baadaye utafundishwa kushika ukosi na kumyumbisha mwenzako kabla ya kumwangusha, zoezi linalojenga miguu, pumzi na utulivu. Akigonga mkeka mara mbili, yaani amesalimu amri, mwachilie papo hapo.