Njia ya kuwa mkaguzi wa usalama wa anga, hatua kwa hatua

Vijana wengi huuliza ni chuo gani kinachofundisha ukaguzi wa usalama wa anga, ili wajiunge wakimaliza kidato cha sita. Ukaguzi hauanzii chuoni. Mkaguzi hutoka miongoni mwa wanaorusha ndege, wanaozitengeneza, wanaoziongoza angani au wanaohudumia abiria ndani yake. Huiva kwanza katika kazi hiyo, kisha mamlaka ya usafiri wa anga humchukua na kumfundisha kukagua. Mimi nimetokea upande wa matengenezo, kwa hiyo nitakaa zaidi huko. Rubani naye atajiona humu.

Jambo hili si dogo. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania kuruka katika anga yake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi katika uendeshaji na ubora wa ndege, yaani ufaafu wake wa kuruka salama. Kilichopimwa pale ni uwezo wa nchi kuyasimamia mashirika yake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nalo likikagua nchi hutazama mambo 8, na la 4 ni hilo hilo: je, mna wataalamu waliohitimu wa kusimamia? Ukijiandaa kwa kazi hii, unajiandaa kuziba pengo linaloumiza nchi nzima.

Hatua ya 1: Chagua fani moja

Hakuna mkaguzi wa kila kitu. Yuko mkaguzi wa uendeshaji wa ndege, ambaye ni rubani. Mkaguzi wa ubora wa ndege, ambaye ni mhandisi au fundi mwenye leseni. Na wako wa leseni za wataalamu, wa kabini, wa bidhaa hatari, wa viwanja vya ndege na wa huduma za kuongoza ndege. Wakaguzi wa ulinzi, wanaoshughulika na upekuzi wa abiria na mizigo, wana njia yao.

Msichanganye mkaguzi na mchunguzi wa ajali. Ndege ya ATR 42 ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, uchunguzi haukuwa kazi ya mkaguzi wa mamlaka. Ajali huchunguzwa na chombo kinachojitegemea, kwa sababu kazi ya mamlaka yenyewe inaweza kuwa sehemu ya maswali.

Hatua ya 2: Pata leseni, ndipo ufikirie shahada

Kwa viwango vya ICAO, leseni ya fundi wa ndege hutaka umri wa miaka 18 na uzoefu wa miaka 4 kazini, au miaka 2 ikiwa umemaliza kozi iliyoidhinishwa. Rubani wa biashara huanzia miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, inataka miaka 21 na saa 1,500. Anayetaka kukagua marubani wa ndege kubwa aifikirie hiyo ya juu tangu mwanzo. Utamkagua vipi nahodha anayekuzidi leseni na uzoefu?

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam, chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi jijini Nairobi, Soroti nchini Uganda na Addis Ababa ni sehemu ambazo wengi wetu huku Afrika Mashariki hupitia. Fizikia na hisabati hazikwepeki. Marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa Kiingereza, na daraja la chini linalokubalika ni la 4. Kwa fundi, miongozo yote ya matengenezo utakayoisoma imeandikwa kwa lugha hiyo.

Shahada inasaidia katika madaraja ya utumishi wa umma, na nashauri uipate ukiweza. Lakini haichukui nafasi ya leseni. Mwenye shahada ya uhandisi ambaye hajawahi kutia saini kuirudisha ndege kazini bado hajajua uzito wa ile saini.

Hatua ya 3: Tunza kitabu chako cha kazi

Wengi huangukia hapa, na inasikitisha kwa sababu kosa hili halihitaji fedha kulizuia. Mtu amefanya kazi miaka mingi hangani, yaani kwenye banda la kutengenezea ndege, ana mikono mizuri, lakini kitabu chake kina mistari michache ya "ukaguzi wa saa 100" iliyorudiwa. Mbele ya bodi ya usaili, uzoefu usioandikwa na kuthibitishwa haupo.

Kila kazi iandike siku ile ile: tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, ulichofanya kwa mkono wako, sehemu ya mwongozo uliyofuata, kisha saini na namba ya leseni ya aliyekusimamia. Panga kazi zako kwa sura za ATA, yaani namba za kugawa sehemu na mifumo ya ndege zinazotumika duniani kote: 27 mifumo ya kuongoza ndege, 32 magurudumu na miguu ya kutua, 72 injini. Baada ya mwaka mmoja utaona sura zipi zina kurasa tele na zipi ni tupu. Zile tupu mwendee msimamizi wako umwombe. Mwambie, "Mzee, sijawahi kushika mfumo wa mafuta, nipange kwenye kazi inayofuata." Wasimamizi wazuri hupenda ombi la namna hiyo.

Usimpe mtu asaini kazi ambayo hakuiona. Mkaguzi mzoefu hulinganisha kitabu chako na kumbukumbu za ndege yenyewe, na tofauti ikionekana, safari yako imeishia hapo.

Hatua ya 4: Ingia idara ya ubora au ya usalama

Kabla ya kuomba kazi mamlaka, jitahidi upite kitengo cha ubora cha shirika lako. Huko utajifunza ukaguzi wa ndani na mfumo wa kusimamia usalama, ambao umewekewa Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga. Soma pia kiambatisho cha 1 kuhusu leseni, cha 6 kuhusu uendeshaji na cha 8 kuhusu ubora wa ndege, ukivilinganisha na kanuni za nchi yako. Kanuni za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeoanishwa kwa sehemu kubwa kupitia CASSOA, wakala wa jumuiya hiyo wa kusimamia usalama wa anga wenye makao Entebbe, kwa hiyo ukizielewa za Tanzania hutakuwa mgeni kwa za Kenya au Uganda.

Hatua ya 5: Jifunze kuandika dosari

Ningeambiwa nichague ujuzi mmoja unaomtofautisha mkaguzi na fundi hodari, ningechagua huu. Tazama sentensi hii: "Matengenezo hayafanywi vizuri, shirika lizingatie usalama." Haina kazi. Shirika haliwezi kulirekebisha jambo lisilojulikana, na mwanasheria wake ataitupa kwa dakika moja.

Iandike hivi: "Spana tatu za kupimia nguvu ya kukaza nati zilikutwa zikitumika hangani wakati muda wa uhakiki wake umepita, kinyume cha kanuni namba fulani na sura fulani ya mwongozo wa shirika." Umetaja ulichokiona, mahali, idadi na kanuni iliyovunjwa. Hukutaja hisia zako, wala hukumwambia mwenye shirika namna ya kurekebisha. Kutafuta chanzo na dawa ni kazi yake. Yako ni kupima kama dawa hiyo inafaa, kisha kurudi kuona kama imetumika. Jizoeze hata ukiwa bado hangani.

Hatua ya 6: Omba kazi na ujiandae kwa usaili

Tanzania, nafasi za utumishi wa umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Leseni yako iwe hai siku ya kuomba.

Tarajia swali la hali halisi. Kwa mfano: ndege imejaa abiria, saa ya kuondoka imefika, nawe umeona tairi limechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Meneja anakupigia simu akilalamika. Utafanyaje? Wanataka kusikia kwamba utalinganisha hali ya tairi na kikomo cha mwongozo wa matengenezo, utamwonyesha nahodha na fundi kwa utulivu, na kwamba wakishikilia kuondoka utatumia mamlaka ya kisheria kuizuia ndege. Kufoka hakukupi alama, wala kumwogopa meneja.

Hatua ya 7: Mafunzo baada ya kuajiriwa

Huanzi kukagua siku ya kwanza. Utafundishwa sheria na taratibu za mamlaka, utapelekwa kozi rasmi ya wakaguzi wa serikali, kisha mafunzo kazini: unasoma jambo, unamtazama mkaguzi mzoefu akilifanya, halafu unalifanya mwenyewe naye akikutazama. Utajifunza pia awamu 5 za kutoa cheti cha uendeshaji wa usafiri wa anga, tangu mazungumzo ya awali na mwombaji hadi cheti kutolewa. Ukithibitishwa ndipo unapewa kitambulisho cha mkaguzi kinachokuruhusu kuingia hangani na ndani ya ndege.

Siku hiyo tayarisha tamko la maslahi yako: hisa, ndugu wanaofanya kazi katika mashirika, na mwajiri wako wa zamani. Ukipangiwa kumkagua yule aliyekulea kikazi, mwambie mkuu wako kwa maandishi kabla hujaenda, yeye ndiye aamue kama uende, uende na mwenzako au abadilishe mtu.