Somo: Kupitisha azimio la biashara ya haki, Manispaa ya Mtwara-Mikindani

Biashara ya haki (Fairtrade) ni kununua mazao kwa masharti yanayomlinda mkulima. Mji wa kwanza duniani kujitangaza mji wa biashara hiyo ni Garstang, Uingereza, mwaka 2000. Vigezo vilivyozaliwa huko ni vitano: azimio la halmashauri, bidhaa zenye alama ya Fairtrade kupatikana madukani na migahawani, taasisi kuzitumia, wananchi kuelimishwa, na kamati ya kusimamia. Anzeni na hicho cha mwisho.

1. Kamati. Watu saba wanatosha: diwani, ofisa ushirika, ofisa ununuzi, mwenye mgahawa, mwalimu, wakulima wawili wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao). Akikosekana ofisa ununuzi, azimio litaishia kwenye muhtasari wa kikao.

2. Orodha. Pitieni maduka, Shangani hadi Mikindani. Andikeni bidhaa, bei na alama iliyo kwenye pakiti. "Hii ya wakulima wetu" si ushahidi.

3. Azimio. Lipite kamati ya kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Litaje kitakachonunuliwa (tuseme kahawa na chai za vikao), kifungu cha bajeti, na nani ataleta taarifa kila robo mwaka. Wengi hukwama hapa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupita barazani miezi kadhaa kabla. Azimio la Mei halina fedha.

4. Mizani. Garstang hawana kigezo hiki, ila mji wa kusini ukijiita wa haki huku kangomba (kununua korosho za wakulima kinyemela, kwa vipimo visivyo rasmi) inaendelea vijijini, unajidanganya. Ghalani hakikisheni mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, inasoma sifuri kabla ya kupima, uzito wa gunia tupu unatolewa, na mkulima anaondoka na risiti. Korosho kurudishwa kwa unyevu uliozidi asilimia 10 si dhuluma, zianikwe tena.

MASWALI

Mjumbe, Chikongola: Mkuu, azimio likipita, AMCOS yetu itaweka alama ya Fairtrade?

Jibu: Hapana ndugu, mji hautoi cheti. Chama chenyewe kinaomba kwa FLOCERT, shirika linalotoa vyeti vya Fairtrade, kinalipa ada na kukaguliwa. Hata kikipata, fedha ya nyongeza, inayolipwa juu ya bei, huja pale tu mnunuzi anaponunua kwa masharti ya Fairtrade. Mzigo ukichanganywa na wa vyama vingine kabla ya mnada, umeipoteza. Matumizi ya nyongeza hupangwa na mkutano mkuu, si viongozi peke yao.

Mama lishe, Ligula: Mimi nianzie wapi?

Jibu: Kahawa, dada. Ulizia ya vyama vilivyothibitishwa, mfano KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, na usome pakiti yenyewe. Ukiichanganya na nyingine, usiandike alama kwenye ubao wako wa bei.