Kuchora nguo nyeupe kwa rangi za mafuta, kwa kumfuata William Orpen

Ukitaka kujua kama mchoraji anaziweza rangi za mafuta, mwambie achore mtu aliyevaa nguo nyeupe. Wengi hukimbilia tyubu ya rangi nyeupe, wakapaka, wakaongeza, na mwisho nguo ikafanana na ukuta uliopigwa chokaa. William Orpen wa Ayalandi aliliweza jambo hili katika picha ya mpishi wa Hôtel Chatham ya Paris, iliyoonyeshwa London mwaka 1921. Mpishi amesimama na koti lake na kofia ndefu ya jikoni, nyuma yake giza. Ifungue kwenye simu kabla hujashika brashi, uikuze mpaka ubaki na mkunjo mmoja tu wa koti. Nyeupe tupu utaipata mahali pachache sana.

Orpen alizaliwa Stillorgan, jirani na Dublin, mwaka 1878. Alianza shule ya sanaa ya Dublin angali mtoto, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, kuanzia 1897 hadi 1899, ambako mwanafunzi alichora kwa penseli na mkaa mpaka mkono ukatii. Baadaye alifundisha Dublin, na mchoraji Seán Keating alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwaka 1917 alipelekwa Ufaransa kuchora vita, na vita vilipokwisha matajiri walimfuata awachore. Picha ya mpishi ilitakiwa na mfuko wa Chantrey, ambao ulinunua kazi zilizofanyiwa Uingereza tu. Hii ilifanyiwa Paris, kwa hiyo Orpen akaikabidhi Akademia ya Kifalme ya Sanaa, na ipo huko mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Turubai ya sm 60 kwa 50 inatosha kwa kichwa na mabega. Usianze juu ya weupe wa geso (mpako mweupe wa kutayarishia turubai), kwa sababu kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi kupita kiasi, nawe utaipausha bila kujua. Lainisha amba (rangi ya kahawia ya udongo) kwa tapentaini iwe kama chai ya rangi, ipake turubai nzima, uifute kwa kitambaa, uache ikauke siku moja.

Mwanga utoke dirisha moja, ubavuni, juu kidogo ya kichwa cha anayechorwa. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii upande huo. Ukiwa Dar es Salaam ushauri huo utakuponza: kwa sehemu kubwa ya mwaka jua linapita kaskazini. Tumia dirisha la kusini, na kuanzia Oktoba hadi Februari, jua linapopita kusini, weka pazia jepesi jeupe.

Chora kwa mkaa. Pima urefu wa kichwa, kisha ulinganishe nao mabega na kifua. Ukiridhika, kung'uta vumbi la mkaa na upitishe mistari kwa amba nyepesi. Kosa la vipimo halifichwi na rangi, hata iwe nzuri vipi.

Anza na giza la nyuma. Changanya amba na buluu ya ultramarini. Nyeusi ya pembe iache, maana hukauka polepole, na tabaka la juu likiitangulia kukauka, picha hupasuka. Giza likishakuwepo, jicho lina kitu cha kulinganishia weupe.

Kwenye nguo, tangulia na vivuli. Mahali pa kuanzia: nyeupe ya titani sehemu 4, nyeusi sehemu 1, na amba nusu sehemu (nyeusi hapa haina madhara, ni kidogo). Kwenye mwanga, nyeupe na oka ya njano (rangi ya udongo wa manjano) kiasi cha punje ya mchele. Fumba macho nusu: ukiwa na ngazi ya 1 hadi 10, giza likiwa 1, vivuli vikae 5 au 6 na sehemu zenye mwanga zisivuke 8. Ngazi ya 9 na 10 ziwekee akiba mkunjo mmoja wa kola na ukingo wa kofia, tena mwishoni kabisa, kwa rangi nene na mpigo mmoja usiorudiwa. Ukizitumia mapema huna tena pa kupanda.

Tazama chini ya kidevu. Koti jeupe hurudisha mwanga juu, kwa hiyo kivuli cha hapo si cheusi kama ulivyodhani. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi utaona mstari wa kijivu-buluu pembezoni mwa taya. Mstari huo ndio unaokifunga kichwa na nguo. Ukiukosa, kichwa kitaonekana kimebandikwa.

Rangi ikianza kuwa tope, umechanganya nyingi mno au brashi ni chafu. Kwangua kwa kisu cha paleti upake upya. Kuibembeleza huzidisha tope. Tabaka la kwanza lilainishwe kwa tapentaini, la pili liwe rangi kama ilivyotoka tyubu, la tatu ndipo uongeze matone machache ya mafuta ya kitani. Ukigeuza mpangilio huo nyufa zitakuja.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuviacha kwenye ndoo: hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au vitumbukize kwenye maji. Picha ikauke mahali penye mwanga, kwa kuwa gizani mafuta hugeuka manjano na weupe wako utaondoka nayo. Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12.