Kabla Hujapaka Seramu ya Vijisindano Usoni

Ijumaa moja jioni, mtoto wa shangazi yangu alipaka seramu ya spikuli yenye namba 700, mojawapo ya zenye nguvu zaidi, kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa kesho yake alikuwa msimamizi wa bibi harusi. Dukani alikuwa ameambiwa ataamka uso laini. Aliamka umevimba na unawaka, na madoa yaliyobaki mashavuni yalikaa miezi kadhaa. Tangu hapo, kila anayeniuliza kuhusu seramu hizi za Korea namwomba tuzungumzie ngozi yake kwanza, chupa baadaye.

Spikuli ni vijisindano vya silika, vidogo mno kuonekana kwa macho, vinavyotolewa kwenye sifongo, yule kiumbe wa majini. Kwenye orodha ya viungo huandikwa "Hydrolyzed Sponge" au jina linaloanza na "Spongilla". Ukipaka, hupenya tabaka la juu kabisa la ngozi na kufungua vijinjia ili viungo vingine viingie vizuri zaidi. Hubaki humo siku mbili tatu, kisha hutoka na ngozi inayojibandua. Ndiyo maana kesho yake ukishika shavu bado linakuchoma. Usiupime uzuri wa seramu kwa mchomo huo. Ngozi nyeusi ikiudhiwa hujibu kwa kuweka doa, na wengi wetu tunanunua chupa hii ili tuondoe madoa.

Kwa hiyo kagua unachopaka sasa. Retinoli (aina ya vitamini A), asidi za kung'oa ngozi iliyokufa na vitamini C kali viwekwe kando siku chache kabla na siku chache baada. Ukitoka kutoa nyusi kwa uzi, kunyoa au kupaka nta, subiri ngozi itulie. Na hapa niseme wazi, kwa sababu nawaona wasichana wengi mjini wakiumia: kama umekuwa ukitumia krimu ya kung'arisha, usiguse spikuli. Haidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa ili kung'arisha ngozi, haziruhusiwi kwenye vipodozi Kenya, lakini krimu hizo bado zinauzwa, nyingine zikiwa na steroidi, dawa inayokondesha ngozi. Ngozi hiyo inahitaji daktari wa ngozi kabla ya kuchomwa na chochote.

Halafu jiulize unatibu nini. Kwa vinyweleo vilivyopanuka, uso uliofifia na ngozi inayokwaruza kwa vipele vidogo, seramu hizi zina nafasi nzuri, hasa zenye niasinamidi (aina ya vitamini B3). Ngozi kavu au inayoudhika upesi itafute yenye kiungo cha kutuliza kama sentela, inayotokana na mmea, na namba ya chini. Madoa ya chunusi za zamani, sawa, ila polepole. Chunusi mbichi zenye usaha, hapana: utazichoma na kuziwasha zaidi. Mashimo ya kina hayafikiwi na vijisindano vya chupani, maana haviendi chini kama sindano za kliniki. Mwenye ukurutu, vidonda vya homa mdomoni au ngozi inayoota makovu manene, aache kabisa.

Namba nazo zinawachanganya watu. Katika Reedle Shot ya kampuni ya VT, inayojulikana zaidi, namba hupanda kutoka 50 na 100 hadi 300, 700 na 1000, na kadiri inavyopanda ndivyo vijisindano vinavyoongezeka. Namba ya kampuni moja huwezi kuilinganisha na ya nyingine. Anza na 50 au 100, mara moja kwa wiki, uone mwezi mzima. Za 700 na 1000 si za kila siku hata kwa aliyezoea.

Ukinunua mjini Nairobi, iwe Barabara ya Dubois au mtaa wa Eastleigh, soma boksi kwa utulivu: alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) ya bidhaa za nje, tarehe ya kuisha, kifuniko kisichofunguliwa. Anayekupimia kwenye kichupa kisicho na lebo, mwachie mwenyewe.

Kabla ya uso, jaribu nyuma ya taya na ungoje siku 3. Usiku wenyewe osha uso kwa sabuni laini, upapase tu kwa taulo, ukauke kabisa, weka kiasi cha punje ya kunde, ubonyeze kwa vidole bila kusugua, ukiepuka macho na midomo. Nawa mikono kabla hujamshika mtoto au lenzi za macho. Malizia na losheni isiyo na manukato. Usiku huo uwe mbali na sherehe, walau wiki nzima.

Asubuhi ni krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na pua na mdomo na ikweta, kwa hiyo hata Julai, tunapotembea na masweta chini ya wingu zito, miale inafika. Ukingoja matatu stejini saa saba mchana, ongeza nyingine.

Wekundu au joto la siku moja ni kawaida. Ukiona uvimbe usiopungua, malengelenge, au maumivu yanayozidi siku ya pili, suuza kwa maji baridi, acha vipodozi vyote isipokuwa losheni tupu, na umwone daktari ukiwa umebeba boksi lenyewe.